Kuingia Ofisini Nyahanga Ukiwa Tinde

Gharama yote ilifika shilingi laki nane kamili. Namba iliyokaa sawa namna hiyo hunitia mashaka, kwa hiyo nilijumlisha tena. Fundi, laki tatu. Ruta ndogo, laki moja na themanini. Betri ya kushikilia umeme ukikatika, laki moja na sitini na tano. Seva ya kukodi, miezi mitatu, elfu arobaini na tano. Bando la Tinde, elfu sitini. Nauli za fundi, Geita na Kahama, elfu thelathini na nane. Chipsi na soda zake, elfu kumi na mia tano. Na elfu moja na mia tano ya kutia karatasi moja laminesheni, ambayo mimi sikuiagiza. Jumla ikarudi palepale.

Kila ninayemtajia fedha hiyo ananiuliza kama nimeongeza mashine ya kukoboa. Sikuongeza. Ukitembelea ghala langu leo hutaona kitu kipya isipokuwa kisanduku cheusi chenye taa tatu za kijani, kikubwa kama kipande cha sabuni. Nilichonunua ni nafasi ya mdogo wangu kukaa na mama yetu bila kupoteza mkate wake. Na nikizungumzia jinsi kilivyofanya kazi, mpaka leo naongea haraka.

Nina kinu cha mpunga Nyahanga, hapa Kahama, na ghala, na chumba kimoja tunachokiita ofisi kwa sababu kina feni. Humo kuna kompyuta iliyounganishwa na mzani wa magunia. Mfuko ukipanda mzani, uzito wake unaingia kwenye programu ya hesabu, na programu inatoa ankara. Anayeijua programu hiyo ni mdogo wangu peke yake. Mimi nahesabu vizuri, lakini kwa kidole na kwa mdomo.

Mteja wetu mkubwa ni jiko la kambi moja ya wachimbaji upande wa Geita. Sharti lao ni moja: siku lori linapotoka, ankara yenye uzito wa kila mfuko iwafikie kwa barua pepe kabla ya saa nne asubuhi. Isipofika, lori halivuki geti. Lori likigeuzwa mara mbili, wanatafuta muuzaji mwingine, na muuzaji mwingine wa mchele Kahama hatafutwi mbali. Yuko ng'ambo ya barabara, ananiangalia.

Masika yalipoanza, mama aliteleza uani kwake Tinde akavunjika nyonga. Hospitali walimfanyia upasuaji, wakamrudisha nyumbani na magongo mawili na agizo kwamba asiachwe peke yake. Nikampigia simu kumwambia aje akae kwangu.

"Nikija huko," alisema, "kuku wangu watabaki na nani?"

"Tutawauza, mama."

Akakata simu.

Jioni hiyohiyo mdogo wangu alianza kukunja nguo zake. "Dada, mimi naenda kwa mama. Hapa utatafuta mtu."

"Na mshahara wako?"

"Mshahara ni wa anayefanya kazi."

Alilisema bila hasira, ndiyo maana lilinichoma. Ana mtoto shuleni, na ada ya mtoto yule inatoka kwenye mshahara huo wala haina pengine pa kutoka. Nilimwambia angoje siku mbili, nijaribu programu mwenyewe. Siku ya pili nilitoa ankara ya mifuko mia nane badala ya themanini. Mifuko nilikuwa nimeihesabu mara mbili; kuandika niliandika mara moja. Jikoni kwa kambi walinipigia kuuliza mzigo uliobaki unakuja na treni ya saa ngapi.

Dereva wa lori ndiye aliyenitajia fundi mmoja wa Geita, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akiwafungia kamera wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ili waone mali yao wakiwa wamekaa zao mjini. "Yule," dereva alisema, "anaweza kumkalisha mtu Tinde akaigusa kompyuta yako ya hapa." Nilidhani ananitafutia hasara. Lakini nilichukua namba.

Fundi alikuja na begi mgongoni na viatu vya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bei gani?"

"Kazi yenyewe sijaiona."

"Mimi nimeiona. Ni ndogo."

Alicheka, akaingia, akazunguka nyuma ya kompyuta kama daktari wa ng'ombe. Alipotoka alitaja laki tano. Nikamwambia laki tano ni bei ya mtu ambaye hataki kazi. Nikaongeza kwamba jirani yangu wa duka la simu ameniambia ipo programu ya bure, unaiweka pande zote mbili, unachagua neno la siri, basi.

"Ipo," alisema. "Neno la siri utaweka lipi?"

"Kahama123."

"Basi mama, usihangaike kunilipa. Mwite mwizi umkabidhi kwa maandishi."

Akanieleza kwamba ukiacha mlango wa kompyuta ukitazama barabara kuu ya intaneti, wapo wanaopita kutikisa vitasa mchana na usiku. Tena si watu, ni mashine. Hazichoki, hazili, hazina haja ya kulala. Kitasa kikilegea, asubuhi unakuta hesabu zako zote zimefungwa na mtu usiyemjua anadai fedha ili azifungue. Alikuwa ameona karasha moja likifanyiwa hivyo. Mwenye nalo alilia mbele ya vibarua.

"Sasa wewe utafanyaje?"

"Umewahi kuona duara, mama?"

Nikamwambia nimeuza mchele machimboni tangu yeye akiwa na sketi ya shule, maduara niliyoyachungulia ni mengi kuliko nyumba alizoingia.

"Vizuri. Mwenye duara anachimba njia chini kwa chini, kutoka shimo hili mpaka lile. Juu watu wanapita, wanauza maandazi, hawajui chini yao kuna nini. Tunachimba hiyo, kutoka Tinde mpaka hapa. Hata mtu akilaza sikio chini, atasikia makelele yasiyo na maana."

"Na mdomo wa duara?"

"Una mlango. Mlango una funguo. Kila kifaa na ufunguo wake, na kila ufunguo una bei yake."

Hapo ndipo tulipoanza kazi ya kweli. Bei ya jumla niliishusha mpaka laki tatu, na ilichukua chipsi mayai sahani moja na soda mbili. Lakini kwenye funguo alikaza. Mimi nilitaka mmoja tu. Nilimwonyesha kwamba ofisi hii yote ina ufunguo mmoja. Anayechelewa kutoka anauacha kwa mama muuza chapati hapo nje, anayewahi anauchukua, na miaka yote haujawahi kupotea.

"Ukipotea?"

"Tunabadilisha kufuli."

"Na wote mnabaki nje mpaka kufuli jipya lifungwe."

"Tunabaki pamoja. Hakuna anayelalamika."

Hakucheka. Alianza kukunja waya zake na kuzirudisha kwenye begi, taratibu, bila kuniangalia. Hiyo ni mbinu yangu. Nimeitumia kwenye maduka yote ya Kahama, na sikuwahi kufanyiwa. Nikakubali funguo tatu: wa kompyuta mpakato ya mdogo wangu, wa simu yangu, na wa kwake mwenyewe, kwa ajili ya matengenezo.

Kisha likaja suala la anwani. Intaneti yetu ya ofisini inatoka kwenye laini ya simu, na laini ya namna hiyo, fundi alisema, haina anwani yake. Mnachangia moja, nyinyi na mtaa mzima, kama sanduku la posta la shule. Mtu wa Tinde akipiga hodi hajulikani anamwita nani. Dawa yake ni kukodi seva ndogo, kompyuta iliyoko nchi za mbali ambayo haizimwi, ili ofisi itoke kwenda kukutana na Tinde pale katikati. Elfu kumi na tano kwa mwezi.

Nikamwomba anipe mwenye nayo nizungumze naye.

"Hakuna mtu, mama. Bei ndiyo hiyo kwenye ukurasa. Unabonyeza au hubonyezi."

Nilikaa nikiitazama ile bei. Nimeshindana na madalali wa mpunga, na mawakala wa mabasi, na fundi seremala mmoja aliyekuwa kiziwi wa makusudi. Sikuwahi kukaa mbele ya bei isiyo na mdomo. Nikamwambia awaandikie kwamba tutachukua mwaka mzima wakipunguza. Aliandika ili kunifurahisha. Jibu lilirudi kabla hajanyanyua soda yake: wanashukuru sana kwa kuwasiliana nao. Tukabonyeza. Akatujazia na taarifa ya mamlaka ya mawasiliano, kwa sababu hapa nchini VPN, ndilo jina la kitaalamu la duara letu, haitumiwi kimyakimya, akafunga kisanduku chake ukutani, akakaa mbele ya kompyuta akiandika vitu ambavyo ukivisoma kwa sauti ni kama unapiga chafya. Mdogo wangu alipanda basi la Tinde na kompyuta mpakato ameikumbatia kifuani.

Siku ya kujaribu nitaikumbuka kwa muda mrefu. Asubuhi tulikusanyika ofisini: mimi, fundi, shangazi yangu, na wabeba mizigo wanne ambao hawakuitwa. Shangazi ni dada wa baba yangu. Anakaa kaunta na kupokea fedha tangu kinu kilipofunguliwa, na humpokei fedha mkononi mpaka amezinyoosha. Simu ya fundi ilikuwa mezani, imewekwa sauti ya nje. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili, na nyuma yake tukisikia kuku wa mama.

"Bonyeza sasa," fundi alimwambia.

Feni ikazunguka. Halafu ule mshale wa kwenye kioo, ambao hakuna mkono uliokuwa umeugusa, ukasogea. Ukaenda kulia, ukasimama, ukarudi kama mtu anayetafuta miwani yake. Mbeba mizigo mmoja akarudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Ukurasa mweupe ukafunguka, na herufi zikaanza kutokea moja moja: SHIKAMOO SHANGAZI.

"Marahaba," shangazi aliijibu kompyuta. "Mama yako amekula?"

Zikatokea tena: AMEKULA UJI.

"Mwambie asiupoze sana."

"Shangazi," nilimwambia, "simu hii hapa. Anakusikia."

"Najua. Lakini kaniandikia, sasa nimkatize?"

Sijui jambo hili niliseme vipi. Nimekaa kwenye biashara ambayo kila kitu ukitaka kukijua lazima uende ukakione: mpunga uende uutafune, mteja uende umkae mlangoni, deni uliendee kwa miguu. Na sasa mtu yuko kwenye kigoda uani Tinde, mkono wake uko Nyahanga. Nilimwambia mbeba mizigo apandishe mfuko mmoja wa kilo hamsini kwenye mzani, tuone kama na uzito unaenda.

Kabla sijainamisha kichwa nisome, simu ikasema: "Hamsini na tatu na nusu. Mwambie atoe mguu."

Wote tukatazama chini. Ndala ya yule mbeba mizigo ilikuwa imelala vizuri kabisa kwenye kona ya mzani. Akaiondoa. Simu ikasema hamsini na gramu mia moja. Ghala zima likalipuka kicheko, na yeye mwenyewe akicheka kuliko wote, akimwambia mwenzake, "Sasa tumekwisha, huyu mama, mayu wa Tinde, anatuona hadi kucha."

Sauti ya mama ikapenya kutoka mbali kwenye simu. "Mbona mnapiga kelele huko, mmeokota dhahabu?"

"Karibu na hivyo, mama," nilimjibu, na nilikuwa na maana hiyohiyo.

Ankara ya lori la kwanza ilitoka Tinde ikiwa na nusu saa ya ziada. Geti lilifunguka. Mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa amekwisha kusikia kwamba mhasibu wangu kaondoka, alivuka kuja kunipa pole, akanikuta nakunywa chai.

Simu yangu mimi ilibaki ya mwisho. Siku ile ya majaribio ilikuwa kwa fundi wa vioo, na fundi wetu alikuwa na basi la kuwahi. Ufunguo wa simu unakuja kama kile kimraba cha vidoti vyeusi na vyeupe ambacho watu wanakiskani kulipia. Alikichapisha kwenye karatasi shingo upande.

"Sipendi kuuweka ufunguo kwenye karatasi, mama. Simu ikirudi, skani mara moja, kisha karatasi ichome."

Simu iliporudi nikaskani. Ikakubali, nikaanza kuona mifuko iliyobaki ghalani nikiwa sokoni, raha isiyo kifani. Karatasi sikuichoma. Wino ni wangu, karatasi ni yangu, na simu za kioo kipya zinaibiwa. Niliiweka kwenye trei ya printa.

Sasa shangazi. Shangazi anaamini karatasi isiyo na plastiki inangoja tu kuchafuka. Bango la bei kalitia laminesheni. Tangazo la hakuna mkopo kalitia laminesheni. Cheti cha kipaimara cha mjukuu wake kakileta kaunta na kukitia laminesheni pia. Alipokuta kwenye trei kimraba kile, kisafi, hakina hata jina, alifikiri kama ambavyo mtu yeyote wa kaunta Kahama angefikiri: hii ni lipa namba mpya, ya wateja kulipia kwa simu, na mwenye duka kaisahau. Alivuka barabara kwenda duka la vifaa vya ofisi, akalipa elfu moja na mia tano, akarudi akaitundika pale mbele, katikati ya lipa namba mbili za zamani, kwa uzi mwekundu. Kwa kweli ilikuwa imenyooka.

Jambo hilo nililijua asubuhi ya siku ya lori. Saa tatu ilikuwa imepita. Mifuko ya mwisho ilikuwa inapanda, na Tinde mdogo wangu alikuwa ndani ya programu anaandaa ankara. Nilikuwa nauona mshale ukikimbia kwenye kioo. Kaunta alisimama mzee wa duka la vitambaa, Mhindi aliyezaliwa hapahapa na anayeongea Kisukuma kunizidi mimi, amekuja kuchukua mifuko yake miwili ya kila mwezi.

"Dada," aliniita, "hii lipa namba yako mpya hailipi. Inaniletea maandishi marefu kama karatasi ya ndani ya boksi la dawa."

Akanigeuzia simu. Sikuwa na haja ya kusoma mpaka mwisho. Juu kabisa palikuwa na yale maneno niliyoyaona kwenye kioo cha fundi, na chini yake mstari wa herufi na tarakimu zilizochanganywa ovyo. Ufunguo wa ofisi yangu ulikuwa mkononi mwa mteja, umekaa wima, unasomeka.

"Shangazi," nilisema, nikijitahidi sauti isipande, kwa sababu shangazi hafokewi, "hii umeitundika lini?"

"Juzi. Nimeiona imetelekezwa."

"Na wangapi wamejaribu kulipia hapa?"

"Wengi tu. Nikawaambia mtandao unasumbua."

Wengi tu. Wachimbaji, madalali, wapita njia, watu wa mabasi, wote walikuwa wamesimama pale wakapiga picha mlango wa nyumba yangu, na shangazi akawaomba radhi kwa usumbufu. Nikaing'oa ile karatasi na uzi wake. Nikaenda moja kwa moja ukutani kwenye kisanduku cheusi, mkono ukashika waya wa umeme, na mkono mwingine ukampigia fundi.

"Mama, shikamoo."

"Nauzima mtambo. Ufunguo umetundikwa kaunta siku mbili."

"Ufunguo wa nani?"

"Hapa Nyahanga, kwenye lipa namba..."

"Mama. Wa nani? Wa mdogo wako au wako?"

"Wangu. Wa simu."

"Umeshika nini sasa hivi?"

"Waya."

"Toa mkono hapo. Ukichomoa, unamfungia nje mdogo wako na mwizi humfanyi kitu. Yuko kwenye ankara?"

Nikatazama kioo. Mshale ulikuwa unapanga mistari, hauna habari. "Yuko."

"Basi tulia. Naua wako peke yake."

Nilisikia vidole vyake vikigonga, huko Geita. Mzee wa vitambaa alikuwa bado ameshika simu yake kwa vidole viwili, ameinyoosha mbali na mwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchafu. Nilifungua simu yangu, nikagusa pale pa kuangalia ghala. Palikuwa panaonekana. Nikagusa tena. Pakawa peusi. Nikagusa mara ya tatu ili kuhakikisha, pakabaki peusi, na kwenye kompyuta ya ofisi ule mshale ukaendelea kutembea, mstari kwa mstari, kana kwamba hakuna lililotokea duniani.

Sijawahi kufurahi hivyo kufungiwa nje ya mali yangu.

"Aliingia mtu?" nilimuuliza fundi.

"Nimetazama. Kwa ufunguo ule imeingia simu yako tu. Wengine walikuwa wanatafuta mahali pa kulipa, mama, hawakujua wameshika nini."

"Na kama kungekuwa na ufunguo mmoja?"

"Ningekuwa nimewafungia nje wote watatu, na ankara ingekuwa imekatikia hewani." Akaongeza, "Mngekuwa pamoja, lakini."

Nikamwambia asinitanie, nina wateja. Akasema mpya atanitengenezea bure kwa mara hii, ila nitamngoja mpaka aje mwenyewe, na ataniskania yeye kwa mkono wake. Mzee wa vitambaa alifuta ile picha mbele yangu, akanionyesha na pale simu inapotupa takataka, akafuta na hapo. Kisha akalipa taslimu, na kwa sababu hiyo akaomba apunguziwe. Nilimpunguzia. Ni mara yangu ya kwanza mwaka ule kupunguza bila kubishana, na aliondoka akiwa na wasiwasi na ubora wa mchele.

Ankara ilifika kambini mapema. Mdogo wangu alipiga simu baadaye kuuliza kwa nini mfuko wa mwisho ulikaa juu ya mzani muda mrefu namna ile. Nikamwambia wabeba mizigo walikuwa wanatazama sinema.

Hayo yana miezi kadhaa sasa. Duara letu halijabomoka. Mvua imenyesha, umeme umekatika na kurudi, betri imeshika. Mshahara wa mdogo wangu unatoka tarehe ileile na ada ya mtoto imelipwa. Mama ameacha gongo moja, anatembea mpaka bandani kwa kuku na kurudi, na daktari amesema tumshukuru anayemsimamia. Kwa hiyo ningependa kusema kazi imekwisha, lakini haijaisha, na tatizo lililobaki si la fundi.

Mama haamini kwamba binti yake yuko kazini. Anamwona pale uani, kwenye kigoda, na kompyuta mapajani. Mtu aliye kazini, kwa mama, ni mtu aliyeondoka nyumbani. Kwa hiyo saa mbili na nusu anamtuma chumvi. Saa tatu anakuja shemeji wa jirani kumjulia hali mgonjwa, na mgeni hawezi kuachwa anywe uji peke yake. Mdogo wangu akisema, "Mama, niko kazini," mama anamjibu, "Kazini wapi, ng'wanone, mwanangu, si nakuona?" Wageni nao wanamwonea huruma, binti mzima amebaki nyumbani anachezea mashine, mmoja ameshamtafutia na kibarua cha kupanga nyanya barabarani.

Wiki iliyopita ankara ilifika kambini dakika tatu kabla ya saa nne. Mjomba alikuwa amekuja kutoka Nzega, na salamu za Kisukuma hazina njia ya mkato. Mimi nilikuwa nimesimama Nyahanga naangalia mshale umelala katikati ya kioo, hausogei, na nilijua kabisa kwamba huko Tinde mdogo wangu amepiga goti na bado wako kwenye habari za ng'ombe.

Nilipanda basi Jumapili kwenda kusema na mama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu stendi. Alinipokea kwa "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, akiwa amesimama bila gongo lolote, ili nione. Akachinja kuku, mmoja wa wale aliokataa kuwaacha. Akaniwekea paja, akanishukuru, wabeja sana, kwa kumletea mwanawe, kwamba tangu baba afariki hajawahi kulala akisikia mtu akipumua chumba cha pili. Maneno niliyoyapanga nikayala pamoja na kuku. Jioni nilirudi Kahama na mayai kumi na mbili kwenye kikapu.

Bei najua kuishusha, hata ya mtu anayekunja waya. Hili sijui nilishike wapi. Lori linatoka tena wiki hii, na kambi hawataki kusikia habari za mjomba. Nikimhamishia mdogo wangu ofisi ya kukodi hapo Tinde barabarani, mama anabaki peke yake tena, na ndicho tulichokikimbia. Nikinyamaza, geti litafungwa, na mshahara wake utaondoka na geti. Wewe uliyewahi kuwa na kazi ndani ya nyumba ya mzazi wako, naomba uniambie: mama anaambiwaje, kwa heshima na bila kumvunja moyo, kwamba binti aliyeketi uani kwake, anayemwona kwa macho yake mawili, hadi saa nne asubuhi yuko Nyahanga?